Kiatu Kiko Shingoni kwa Mzee Maganga

Mwanangu Mrisho,

Salamu nilikupa asubuhi ulipokuwa unafunga sanduku lako kwa kamba, ukaniitikia kwa pua, kwa hiyo sitaanza na salamu. Nakuandikia alasiri hii hapa barazani. Cherehani nimeifunika, na suruali ya kaki ya mtu iko mapajani kwangu haina mguu wa pili. Mwenyewe atakuja kuichukua kesho asubuhi na hatanikuta, nitakuwa stesheni kukusindikiza. Na asubiri.

Nakuandikia kwa sababu tukikaa kuzungumza tutagombana. Mimi nitasema moja, wewe utasema mbili, mimi nitasimama, wewe utabamiza mlango, na kesho utapanda gari la moshi kwenda Tabora umenuna dirishani kama mtu aliyenyimwa haki yake. Nakujua, kwa kuwa ninajijua. Karatasi haijibu wala haibamizi mlango. Ukitaka kuichana, ichane, lakini ufike mwisho kwanza.

Mambo ya kula, kufua, kuswali na kuwahi kazini sitakuambia. Umeyasikia kwa mtaa mzima mpaka masikio yamekufa ganzi. Mimi nataka kukueleza kitu kimoja tu: kwa nini juzi Jumanne nilitapika.

Ulidhani ni samaki. Hata mimi niliwaambia watu ni samaki. Samaki yule alikuwa mzima kabisa. Nilitapika kwa sababu walikuja watu watatu mbio hapa barazani, wanacheka, mmoja wao yule muuza kahawa mwenye domo, wakaniambia, "Fundi Selemani, mwanao simba! Kamwangusha Mzee Maganga pale sokoni mbele za watu. Hachezewi yule! Damu yako hiyo, fundi, hukuiba mtoto!" Walikuwa wananipongeza. Muuza kahawa akanimiminia kikombe cha bure. Nikakishika, nikakitazama, nikaenda nyuma ya nyumba kwenye mfereji, na yote yakatoka.

Nilipomaliza kunawa niliwauliza, wakanieleza yote. Ulikuwa unapita mbele ya soko umebeba viatu vyako vipya mkononi, umevifunga kamba kwa kamba, hutaki vipate vumbi kabla ya safari. Mzee Maganga alikuwa amekaa pale pale anapokaa siku zote na sinia lake la tumbaku. Akakunyang'anya viatu, akavitundika shingoni, akaanza kuzunguka navyo. "Njooni muone maajabu! Mzaramo kapata viatu! Ijumaa anakwenda kwetu Tabora. Sasa nawauliza, miguu iliyokanyaga maganda ya muhogo tangu kuzaliwa, humu itaingilia wapi?" Soko likacheka. Na wewe, badala ya kumjibu kwamba Mnyamwezi kiatu chake ni mzigo kichwani, au upuuzi wowote kama huo, ukamkamata kanzu, ukamwambia, "Usinizoee, mzee mchafu wewe," ukamsukuma. Akaanguka juu ya sinia lake. Tumbaku ikamwagika. Kamba ikakatika, ukaondoka na kiatu kimoja. Kingine kikabaki kwake.

Mzee wa miaka ile, Mrisho. Ambaye dada yake, Bi Nyamizi, ndiye atakayekupokea Tabora na kukupa pa kulala, na aliyepanga hayo yote ni Maganga mwenyewe, bila mimi kumwomba.

Ukarudi nyumbani ukala sahani mbili. Hilo ndilo lililonichefua kuliko kusukuma kwenyewe. Niliiona sura yako ulipokuwa unakula. Ulikuwa umeshiba kabla ya kushiba. Naijua furaha ile, nimeila kwa miaka mingi, na sasa nikiiona kwenye uso wa mtu mwingine naona kama mtu anayelamba sahani aliyoitemea mate mwenyewe.

Sasa nisikilize, maana hili hujawahi kulisikia kutoka kinywani mwangu. Umelisikia kwa watu, nao hulisimulia vibaya, hulisimulia kama sifa.

Bibi yako, mama yangu, alifariki ulipokuwa na miaka mitano. Vita vilikuwa vimekwisha si zamani sana, na Mzee Maganga alikuwa bado na nguvu zake. Alikuja huku kama mpagazi wa vita, wakati hapa Kariakoo palikuwa kambi yao, na vita vilipokwisha akabaki anabeba magunia. Alipanga chumba nyumba ya tatu kutoka yetu. Na kwa kuwa yeye ni Mnyamwezi na sisi ni Wazaramo, alikuwa mtani wetu tangu siku ya kwanza, kabla hajajua hata majina yetu. Mama yangu alimpenda mno. Alikuwa akimwona anapita na gunia kichwani anamwambia, "Maganga, shingo hiyo itaingia tumboni!" Naye anajibu, "Ikiingia itakutana na ule muhogo wako mchungu, Bi Mkubwa." Kila asubuhi. Ndiyo ilikuwa salamu yao.

Mimi wakati ule nilikuwa fundi kijana mwenye jina, na jina lenyewe halikuwa la kushona. Lilikuwa "Fundi Selemani hachezewi." Mteja akisema mkono wa kanzu umepinda, namtupia kanzu. Nimehama baraza tatu za maduka ya Wahindi kule Mchafukoge, na kila nilipohama nilisema nimeonewa. Hapa nyumbani niligombana na mpangaji wa chumba cha uani juu ya maji ya kuoshea vyombo, yapite kulia kwa choo au kushoto kwa choo. Miezi miwili, Mrisho. Nilikuwa naamka na hoja. Nilikuwa napanga njiani maneno nitakayomwambia akisema hivi, na nitakayomwambia akisema vile. Watu wazima wawili, kila mmoja na jembe lake, tunachimba vijifereji uani kama kuku. Nikishinda naingia ndani natembea kifua mbele. Maji machafu yenyewe yalikuwa yananuka vile vile.

Na mama yangu naye nilimnunia. Alimsifia fundi mwingine mbele yangu, alisema tu kwamba yule jamaa wa mtaa wa pili ana mkono mwepesi wa vifungo. Basi. Sikumsemesha mwezi mzima. Chumba chake na changu vinatazamana ukumbini, tunapishana mlangoni, anasema, "Umeamkaje, mwanangu," nami napita. Mama yako Mwajuma alinisihi. Nikamwambia aanze yeye, Mama, kuniomba radhi. Akaanza homa badala yake. Siku ya nne akafa. Nilikuwa bado nimenuna.

Sasa twende kaburini. Unajua watani wanavyofanya. Wenye msiba wanalia, na mtani ndiye mwenye ruhusa ya kuchekesha. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza mwendo wake, anaiba kuku wa wafiwa, anawapaka majivu wanaolia sana. Na mwisho anashuka kaburini, analala, anasema maiti haingii mpaka apewe chochote, hata kipande cha muhogo. Mwenye msiba hana ruhusa ya kukasirika. Hata mwalimu anayesoma dua hutazama pembeni mpaka mchezo uishe. Ndivyo tulivyozikana tangu zamani.

Maganga akashuka. Akalala chali, mikono kifuani. "Sitoki! Bi Mkubwa aliazima mchi wangu. Bila mchi haingii." Watu wakacheka, na waliokuwa wanalia wakacheka na machozi yao. Hata mimi nilitaka kucheka. Ingeishia pale, leo nisingekuwa naandika. Lakini mtani kazi yake ni kusema ambalo wengine hawathubutu. Akageuza uso kulielekea jeneza, akasema, "Bi Mkubwa, njoo uone! Mwanao leo kaja! Ulipokuwa hai hakuwa na nafasi, leo kapata nafasi!"

Kicheko kikaja, kisha kikakatika, maana mtaa wote ulikuwa unajua.

Niliruka mle ndani nikampiga ngumi ya mdomo amelala vile vile. Nikampiga tena. Meno mawili ya mbele yakatoka. Moja lilibaki kwenye damu kifuani mwa kanzu yake. La pili likaangukia mchangani, chini, kaburini mwa mama yangu. Nikapandishwa juu na watu, na huku nashikwa mikono nilipiga kelele, na maneno yangu yalikuwa haya: "Kuanzia leo mimi sina utani na mtu!"

Maganga akapanda juu mwenyewe. Akajifuta. Akasema kwa sauti ya chini, "Tumesikia, bwana." Wanyamwezi wote waliokuwepo wakajikung'uta mchanga, wakaondoka nyuma yake, mmoja mmoja.

Halafu ikabidi jino litafutwe. Mwalimu alikataa maiti ilazwe juu ya jino la mtu. Jeneza likateremshwa mabegani likawekwa juani. Watu wawili wakashuka, wakawa wanachekecha mchanga kwa vidole kama wanawake wanaochambua mchele, na mama yangu anasubiri. Hawakuliona. Jua likapanda, mwalimu akachoka, akasema basi. Kwa hiyo bibi yako amelala pale na jino la Mzee Maganga mpaka leo. Kila nikienda kuzuru kaburi nasoma dua, na ninaposema amina nawaza lile jino.

Wale walionishika mikono walinisindikiza nyumbani wakinisifu. "Umefanya vyema, fundi, amezidi yule." Wote. Hakuna mmoja wao aliyebaki kusaidia kukunja mikeka.

Nitakuambia jambo ambalo ni aibu kuliko hilo la ngumi. Nilifurahi. Kesho yake nilikutana na Maganga njiani, mdomo umevimba. Nikajiandaa. Akasimama pembeni kunipisha, akasema, "Habari za asubuhi, bwana fundi." Sikuamini. Siku ya pili, "Habari za asubuhi, bwana fundi." Nikaingia ndani nikamwambia Mwajuma, "Umeona? Sasa ananiheshimu." Mama yako alikuwa anapepeta mchele. Akanitazama, akasema, "Anakuheshimu kama anavyomheshimu Bwana Shauri wa serikali." Akaendelea kupepeta.

Sikumwelewa. Nilichukua miaka kumwelewa. Maganga alimtukana muuza samaki, alimtukana shehe, alimtukana kila Mzaramo aliyepita, mkubwa kwa mdogo, na wakimsikia wananyooka migongo kwa raha. Mimi peke yangu aliniita bwana. Nikipita kwenye kundi linalocheka, kundi linanyamaza na kunipa nafasi. Nikikaa barazani kwa watu, mazungumzo yanakuwa ya mvua. Hakuna mtu aliyenikosea adabu tena. Nikabaki na adabu yangu kama mgonjwa wa ndui aliyetengwa kwenye kibanda chake.

Na usidhani nilikuwa shujaa. Hapa ndipo ninapojitapikia. Mwaka ule ule nilipeleka suti nne za kaki kwenye ofisi moja kule Posta. Karani wa Kizungu, kijana mdogo kuliko wewe ulivyo leo, akashika moja kwa ncha za vidole, akainusa, akaitupa sakafuni, akasema inanuka moshi wa watu weusi, nikaifue. Unajua Fundi Selemani asiyechezewa alifanya nini? Alivua kofia. Alisema, "Ndiyo, bwana." Aliokota. Aliporudi nyumbani mboga ikawa haina chumvi, akakipiga chungu teke mpaka ukutani, na mama yako akafagia. Ulikuwepo. Ulijificha nyuma ya mtungi.

Nimeufikiria sana ule ukorofi wangu, na nimeona kwamba ulikuwa na macho mazuri kuliko yangu. Haukuwahi kukosea katika kumchagua mtu hata siku moja. Ulijua nani atarudisha ngumi na nani hatarudisha, nani ana pingu na nani ana sinia la tumbaku. Juzi sokoni, askari alikuwa amesimama hatua kumi kutoka ulipokuwa. Nimeuliza. Asubuhi ile ile askari huyo alikuita "wewe mtoto" na kukusukuma kwa rungu utoke njiani. Ulitoka njiani. Kisha ukamkuta Mzee Maganga.

Sisemi ungempiga askari. Nasema usijiite simba.

Miaka minne baada ya bibi yako, akafa mama yako. Hilo unalikumbuka, lakini unalikumbuka kitoto, na nataka ulijue kiutu uzima.

Wanyamwezi walikuja wote. Walivaa kanzu safi, wakakaa nyuma kabisa kwenye mkeka, wakanipa mkono mmoja mmoja. "Pole sana, bwana fundi. Mungu akupe subira, bwana fundi." Maganga alitia mkono wake mfukoni akatoa ubani. Alikuwa anampenda mama yako kama binti yake, na macho yake yalikuwa mekundu, lakini hakusema neno nje ya hayo. Kuku walitembea uani, hakuna aliyeiba hata mmoja. Kanga za Mwajuma zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, hakuna aliyezivaa. Tulichimba, tukazika, tukarudi. Msiba ulikuwa na adabu kama baraza la kesi. Watu walikula wakaondoka mapema, maana hapakuwa na kitu cha kuwakalisha.

Uliniuliza siku ile, mbele za watu, ulikuwa na miaka tisa: "Baba, mbona Mzee Maganga hamwigizi mama?"

Nikakuzaba kibao.

Sijui kama unakikumbuka. Hujawahi kukitaja. Mimi nakikumbuka kiganja chote. Ulikuwa umeuliza jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa siku ile, nami nikakuzaba kibao kwa sababu jibu lake lilikuwa mimi.

Mama yako alikuwa na namna yake ya kutembea, unajua? Mkono mmoja kiunoni, bega la kushoto linatangulia, na akiita kuku anainua kidevu. Siku ya arobaini nilifunga mlango wa chumba nikajaribu kutembea hivyo, mwenyewe, niuone tena. Sikuweza. Nilijaribu bega, nikajaribu mkono. Haikuja. Maganga angevaa kanga yake na kupita uani mara moja tu, watu wote wangemwona Mwajuma, na wewe ungemwona, na tungecheka mpaka tukalia vizuri. Mtu aliyekuwa na mwendo ule mikononi mwake alikuwa amekaa nyuma ya mkeka, ananiita bwana. Nimempoteza mama yako mara mbili, na ya pili niliisababisha kwa ngumi.

Wewe hukujua, lakini huyo mzee hakukuacha. Nilikuwa namwona, najifanya sioni. Ukitoka chuoni kusoma Kurani anakuvuta sikio, anakuambia wewe ni popo, masikio makubwa meno madogo. Unamkimbiza kwa vijiwe. Unarudi nyumbani unacheka peke yako. Neno la kuukataa utani nililisema mimi kwa ajili yangu. Yeye, katika hesabu zake za kimtani, aliona mtoto hakulisema. Kwa hiyo ukabaki. Miaka yote hiyo, katika nyumba hii, wewe peke yako ndiye uliyekuwa unatukanwa.

Mpaka Jumanne.

Leo baada ya adhuhuri nimekwenda kwake. Nilivaa kanzu. Njia ni nyumba tatu tu na nilikuwa sijaipita kwa miaka kumi na minne. Nilimkuta anakausha tumbaku yake upya juani, ile uliyomwaga, anatoa mchanga kwa vidole. Nilipoiona ile namna ya vidole kwenye mchanga, miguu ikataka kurudi.

Akainuka. "Karibu, bwana fundi. Karibu kiti." Akanipa kiti, yeye akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Akaniletea maji kwenye kikombe safi, akakifuta ukingo.

Nikasema, "Mzee Maganga, nimekuja kuomba radhi. Ya mwanangu, na ya kwangu ya zamani."

Akasema, "Ya zamani nilisamehe zamani, bwana fundi. Usiwe na wasiwasi."

"Sikusema wakati ule."

"Ndiyo, bwana fundi. Hukusema. Lakini nilisamehe."

Nikamsubiri. Mrisho, nilikaa pale namtazama mdomo ule wenye pengo, nasubiri anitukane. Anitukane kushona kwangu, aniambie nimezeeka kama jembe la kuazima, anidai jino lake, lolote. Nilitamani anitukane kama mtu mwenye njaa anavyotamani harufu ya jikoni. Akaniuliza kama kazi inakwenda vizuri. Akasema mvua mwaka huu zimechelewa. Nikaona kwamba amenisamehe kweli, na kwamba ndivyo itakavyokuwa mpaka mmoja wetu azikwe. Mimi nilisema sina utani na mtu, na mzee huyu huyaheshimu maneno ya watu.

Nikainuka. Nikamwuliza kuhusu kiatu, maana umeapa utakwenda Tabora na makubazi kuliko kukifuata.

Hapo ndipo sura yake ilipobadilika. Niliona mashavu yanacheza. Akageukia kando, hakunitazama mimi, akasema kama anaongea na tumbaku: "Kiatu hakirudi kwa mjumbe. Yule popo, mwambieni aje mwenyewe. Aje na kipande cha muhogo, uliochemshwa, mimi sina meno ya kutafunia. La sivyo kesho nakuja stesheni nimekivaa shingoni, nawaambia abiria wote kwamba kijana huyu anakwenda kuwa karani na hajui kuhesabu viatu mpaka viwili."

Kisha akanigeukia mimi. "Kwaheri, bwana fundi. Ahsante kwa kututembelea."

Nimetembea nyumba tatu kurudi nikiwa nalia mchana kweupe, na muuza kahawa ameniona, na akasimulie.

Umeelewa sasa? Wewe bado ni popo. Ulimwaga tumbaku, ulimwita mzee mchafu, ulimwangusha mbele ya soko zima, na wewe bado ni popo. Hukulisema lile neno. Ulikuwa karibu, najua, nimeambiwa ulifungua mdomo, lakini hukulisema. Kule unakokwenda ni kwao. Kila mtu utakayekutana naye, kuanzia Bi Nyamizi mpaka mbeba mizigo wa stesheni, atakutukana kabla hajakuuliza jina, atakunyang'anya kofia, atakuambia Wazaramo mna hivi na hivi. Au siku moja utakasirika, watu wachache watakusifu, na kuanzia hapo mji mzima wa Tabora utakuita bwana. Utaishi kule miaka, utapewa kiti, utafutiwa kikombe, na siku ukifa watakuzika kwa adabu.

Wapumbavu kama yule muuza kahawa utawakuta kila mahali. Wao hawapigani. Kazi yao ni kumwambia mwingine kwamba hachezewi. Nakuapia, hakuna mtu anayenuka kwangu leo kama mtu anayemsifu mwingine kwa ugomvi, isipokuwa yule anayesifiwa.

Mimi nimekwisha kukaa kwenye kibanda changu na nimekizoea. Sikuombei wewe uje kunirithi hata ukuta wake.

Kiatu kimoja nimekipiga rangi, kiko juu ya kitanda chako, na barua hii nimeitia ndani yake ili uikute ukiingia tu. Muhogo nimekwisha kuuchemsha, nimeufunika kwa kawa juu ya mtungi. Mzee Maganga hukaa nje mpaka magharibi. Jua bado lipo.

Nenda kachukue kiatu chako, mwanangu, kabla hajaanza kukuita bwana.

Baba yako,
Selemani